Figo Ipo, Kiuno Kimezidi

Nyamirambo, Kigali
2 Juni 2024

Kaka yangu Ilyasi,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha wifi, kisha wanangu wote hapo Mwanza. Umeamkaje? Miguu bado inavimba? Sisi huku wazima. Shemeji yako Maneno anauza mishikaki yake kama kawaida, mvua zimekatika na vumbi limeanza kunichafulia vitambaa. Uliniomba niwe nakuandikia badala ya kukutumia sauti, kwa kuwa kwenye chumba cha kusafishia damu mnalala wengi na kila mtu anamsikia Shakira akipiga kelele ndani ya simu. Haya, nimekaa kwenye cherehani naandika. Vumilia vidole vyangu vinene.

Majibu yametoka. Kaka, damu zetu zimeoana! Daktari Rutayisire anasema figo yangu inakufaa, na kwamba ndugu wengi hupimwa wakaondoka mikono mitupu. Nililia pale pale mbele yake, nikamshika mkono mpaka akauchomoa.

Halafu akanipandisha kwenye mizani. Akatazama, akaandika, akatazama tena. "Mama Shakira, figo iko nzuri sana. Kiuno ndiyo imezidi. Hivi siwezi kukupasua." Anasema unene huu unaufanya upasuaji uwe wa hatari, na hata nikipona, sukari na presha zitaiandama ile figo moja itakayobaki. Presha yenyewe imekwisha kuanza kunichungulia. Nipunguze, kisha nirudi. Na alichotaka nipunguze ni uzito wa mtoto wa darasa la kwanza na mkoba wake.

Wewe unaujua mtaa wetu. Mtu akitaka kukusifu anakwambia umeongezeka. Maneno tangu anioe ananionyesha kwa wateja: "Muangalie mke wangu, mnauliza nyama yangu iko fresh?" Miaka yote hii nimejivunia mwili huu, kumbe ndio uliosimama mlangoni kukuzuia usipite. Nitaupunguza. Na usiniandikie kwamba hutaki, maana sijakuuliza.

Mdogo wako,
Shakira

*

Mwanza
9 Juni 2024

Mdogo wangu Shakira,

Wa alaykumu ssalaam. Tumepokea salamu zako, na wifi yako anarudisha mara mbili. Namshukuru Mungu nimeamka, na siku hizi nikiamka huwa nashukuru kwa kumaanisha. Maneno hajambo? Mwambie moshi wa mishikaki yake naunusa mpaka huku.

Nimeusoma ujumbe wako nikiwa nimefungwa kwenye mashine, damu inatoka na kurudi. Nilitaka kukuandikia kwamba sitaki, kwamba watoto wawili wa tumbo moja wasilale kwenye kisu kimoja. Nimeanza mara kadhaa na kufuta. Ukweli ni kwamba nataka kuishi, Shakira. Nataka kumwona binti yangu akimaliza shule. Naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa sikiliza kichekesho. Juzi nilipita sokoni, muuza sato akaniita kwa sauti: "Mwalimu, umenawiri! Ualimu umekukubali!" Yalikuwa maji, mama. Maji yasiyo na pa kutokea. Mashine ikishayanyonya nabaki mifupa na shati. Nami pia napandishwa kwenye mizani kila nikija, mara tatu kwa wiki, kuona nimejaa kiasi gani. Basi tutakuwa wawili. Wewe unapunguza nyama, mimi napunguzwa maji, na watu watatusifu kinyume.

Nakuomba kitu kimoja, usijitese. Nikipata figo yako nikakukosa wewe, nitakuwa nimepata nini?

Kaka yako,
Ilyasi

*

Nyamirambo
21 Julai 2024

Kaka Ilyasi,

Assalaam alaykum. U hali gani? Wifi je, kifua kimeachia? Mimi mzima, ila kidole cha shahada kimefungwa bendeji, ndiyo maana naandika polepole.

Nilijua utanikataza, kwa hiyo nilifanya kwa siri. Niliacha kula. Asubuhi maji ya ndimu, mchana supu ya kabichi, jioni namwangalia Maneno akila. Nguo zikaanza kulegea haraka ajabu, nikajiona nimeshinda mtihani. Ijumaa iliyopita nilikuwa nashona mshanana wa bibi harusi, hariri nyeupe, macho yakaingia giza na sindano ikapita katikati ya kidole. Damu ikatapakaa kwenye vazi la watu. Maneno alinibeba mpaka barabarani, naye akiomboleza kana kwamba nimekwisha kufa.

Hospitali wakanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mrefu aitwaye Gahongayire, amekulia Uganda. Hakunibembeleza. "Wewe unataka kupeana figo, ama unataka sisi tukuzike nayo?" Akanieleza kwamba mwili ukinyimwa hivyo hauli mafuta peke yake, unakula na misuli yako. Unabana matumizi, unangoja, na siku utakapofungua mlango kwa njaa utajirudishia vyote na zaidi. Nikamuuliza, basi nile nini mwezi huu? Akacheka. "Mwezi huu haunihusu. Niambie utakula nini ukiwa kikongwe. Hicho ndiyo utaanza kula leo."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Akaanza na chai. Unajua ninavyokunywa chai ya maziwa, sukari mpaka kijiko kinasimama. Nilipomhesabia vikombe vya siku nzima, na Fanta ya mchana, na chapati za Mutesi jirani yetu zinazopita dirishani, aliniangalia kwa huruma. Hakunikataza kitu hata kimoja milele. Sahani nusu iwe mboga, mchicha wetu wa dodo au kabichi au karoti. Maharage yasikosekane, maana hushikilia tumbo. Ndizi na wali vijue mpaka wao. Nilale mapema. Na nisipande moto, hizi pikipiki zetu, kwenda sokoni, niende kwa miguu na kurudi.

"Kwa mwendo huo nitachukua muda mrefu," nikamwambia. "Kaka yangu hana muda." Akasema, "Ndiyo maana usipoteze mwingine kwa njaa."

Mdogo wako,
Shakira

*

Nyamirambo
3 Novemba 2024

Kaka yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa homa niliyoisikia kwa wifi. Imeshuka? Huku wote salama, mvua zinanyesha vizuri.

Nina habari. Sasa hivi, baada ya sala ya alfajiri, napanda Mlima Kigali. Sikudanganyi! Siku ya kwanza niliishia penye miti ya mwanzo nikakaa juu ya jiwe nikipumua mpaka mbwa akaniogopa. Sasa nafika juu kabisa. Nasimama, naona mji wote chini umefunikwa na ukungu, taa zinazimika mtaa kwa mtaa, na nasikia moyo wangu unavyopiga, imara, hauna papara. Nimeishi chini ya mlima huu tangu kuzaliwa na sikuwahi kujua miguu yangu inaweza kunifikisha. Nilipofika mara ya kwanza nilisema Subhanallah kwa sauti, peke yangu.

Mwezi wa kumi mizani iligoma. Nakula vilevile, natembea vilevile, haishuki. Nikaenda kwa Gahongayire nikiwa na hasira, akaniambia mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko mwili mkubwa, kwa hiyo tupunguze tena kijiko cha wali, tuongeze mwendo, tusubiri. Tumesubiri. Ikashuka.

Nikuambie kitu cha kifundi. Nguo yoyote ya mwanamke wa Nyamirambo tunaiachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kwa sababu tunajua atanenepa, na akinenepa ni heri, tunamfungulia. Nguo zangu zote zina akiba hiyo. Wiki hii nimezipunguza, na nilipofika kwenye akiba nilishika mkasi muda mrefu. Nikaikata. Kila gauni. Maneno akanikuta nimezungukwa na vipande vya vitambaa, akaniuliza, "Na ukinenepa tena?" Nikamwambia, nitatembea uchi, na aibu itakuwa yako.

Mdogo wako,
Shakira

*

Mwanza
12 Novemba 2024

Shakira mdogo wangu,

Wa alaykumu ssalaam. Homa imeshuka, alhamdulillah. Wifi yako na watoto wazima, mkubwa amekuwa wa tatu darasani.

Picha uliyotuma ukiwa juu ya mlima nimeionyesha chumba kizima. Muuguzi alidhani ni binti yangu. Nimeikuza, nimetazama mfupa wa shavu lako, ule wa marehemu mama. Ulikuwa umefichwa miaka mingapi? Nilimwona mama amesimama Mlima Kigali na viatu vya raba.

Mimi ni mwalimu wa watoto, nimefundisha sadaka ni nini. Nilikuwa nasema ni shilingi, ni sahani ya futari, ni nguo iliyobaki. Sikuwahi kufikiria mtu anaweza kutoa sadaka ya kikombe cha chai alichokinywa bila sukari mbele ya mume anayekoroga chake. Asubuhi baada ya asubuhi, bila mtu kumpigia makofi. Nalala kwenye mashine hii nikikufikiria unavyopanda, na nasikia hofu fulani, ile ya mtu anayesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Sina neno jingine.

Kaka yako,
Ilyasi

*

Mwanza
28 Januari 2025

Shakira,

Assalaam alaykum. Hujambo? Mbona kimya? Tangu mwaka mpya sijaona herufi yako. Nimempigia Maneno, anasema upo, unashona, halafu anabadilisha mazungumzo anaingia kwenye bei ya mbuzi. Kama unaumwa niambie. Kama umeghairi, wallahi sitakulaumu, wala sitakuuliza sababu. Lakini usinyamaze. Kimya chako ni kizito kuliko jibu lolote.

Kaka yako,
Ilyasi

*

Nyamirambo
6 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nisamehe. Siumwi wala sijaghairi. Nilikuwa naona aibu kukuandikia, maana karibu nusu ya nilichopunguza kimerudi. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mimi na Maneno hatukumwambia mtu kuhusu figo. Jambo halijaiva huwezi kulipakua, na husuda ipo. Lakini mwili haufichiki. Desemba mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba nina ugonjwa mbaya, au Maneno ananitesa. Wazee wa msikitini walimweka kitako baada ya Isha. "Wewe unachoma nyama ya mji mzima, na mke wako anakauka? Shida iko wapi?" Maskini alirudi nyumbani hana hata sauti.

Halafu wanawake wakaja kuniona mgonjwa. Walikuja na sufuria, Mutesi mbele. Isombe, kisamvu chetu chenye karanga, pilau, ndizi za nyama, maandazi ya moto. "Yewe Shakira, umekwisha kabisa! Kula, sha, sisi tuko hapa." Na hawakuondoka. Walikaa kwenye mkeka wakinitazama mdomo. Kwetu mtu akikuletea chakula kwa huruma ukakirudisha, umemrudishia huruma yake usoni. Nikala. Kesho yake wakaja wengine, wakaona nimechangamka, wakasema dawa imefanya kazi, wakaongeza. Wiki ikawa wiki nyingine. Mwishowe hata wasipokuja nilikuwa nangoja mlio wa sufuria. Mlimani nikaacha kwenda. Na yale magauni yaliyokatwa akiba yakanikatalia moja baada ya jingine, nikawa navaa kanga mbili.

Nilirudi kwa Gahongayire nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Hii hutokea kwa karibu kila mtu. Sasa chakula kinachofuata ni kipi?" Siyo mwezi ujao, siyo baada ya Ramadhani. Kinachofuata. Kisha akasema mtu hawezi kushindana na mtaa wake peke yake, afadhali niuambie.

Jioni ile wakaja tena. Mutesi alikuwa anapakua. Nikawaambia yote: wewe, mashine, figo, mizani. Mutesi alibaki ameshika upawa hewani. Halafu akasema polepole, "Kumbe kwa ile sufuria yetu, tulikuwa tunamla kaka yako."

Alilia. Wote tukalia, na pilau ikapoa.

Kesho yake nilitoka alfajiri kwenda mlimani. Nilipofungua geti, nikawakuta nje kwenye baridi, Mutesi na wenzake, vilemba vyao na raba za watoto wao. Hawakunieleza kitu. Tukaanza kupanda. Tulipofika kwenye kona niligeuka nyuma nikaona msururu wa wanawake unapanda gizani, wengine wanapumua kwa shida, wengine wanamtaja Mtume, na wote wanapanda kwa ajili ya mtu wa Mwanza ambaye wengi wao hawajawahi kumwona. Nilitamani ungekuwepo.

Sufuria bado zinakuja. Sasa ni dodo na maharage, na Mutesi ananionya nisizidishe chumvi.

Mdogo wako,
Shakira

*

Mwanza
2 Machi 2025

Mdogo wangu,

Ramadhani karim kwako, kwa Maneno, na kwa hao wanawake ambao sijui nitawaita nani. Nimewataja mmoja mmoja kwenye dua, na wale nisiowajua majina nimewataja kwa viatu.

Mimi sifungi mwaka huu, daktari amekataza. Sikufichi: mshipa wa mkono waliokuwa wanautumia umeziba. Wamepata mwingine shingoni. Wananiambia mahali pa kuingilia hupungua kila mwaka, na moyo nao umeanza kuchoka kusukuma. Sikuambii ukimbie. Umekwisha kunifundisha kwamba mbio si njia. Nakwambia tu kwa sababu wewe hukunificha la kwako.

Chunga futari. Najua meza ya Nyamirambo mwezi huu.

Kaka yako,
Ilyasi

*

Nyamirambo
17 Agosti 2025

Kaka Ilyasi,

Assalaam alaykum. Hali ya moyo ikoje? Na mshipa mpya unashika? Sisi wazima, Maneno amekuachia salamu akiwa kwenye moshi.

Ramadhani niliipita. Tende, maji, supu, sala kwanza. Nikirudi mezani njaa imekwisha kutulia na sambusa naziangalia kama wageni waheshimiwa, nasalimia moja nawaacha wengine wapite. Sikukuu nilikula pilau na sikujuta. Kesho yake nilikuwa mlimani.

Mwezi uliopita nilifika pale daktari alipotaka. Nilipanda mizani mbele yake nikiwa nimeshika pumzi. Akatabasamu, akanipa mkono, kisha akasema: "Sasa ubaki hapo. Rudi mwisho wa mwaka nikukute hivihivi." Kaka, nilimpigia kelele. Nilimwambia kaka yangu anaisha! Aliniacha nimalize. Akasema kupunguza wengi wanaweza, kubaki ndiko kunakowashinda, na yeye hawezi kuchukua figo ya mtu ambaye mwaka ujao ataitia sukari ile aliyobaki nayo. "Mimi niko na wagonjwa wawili," akasema. "Wewe unaniona ninaye mmoja."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna, lakini njiani nilimwelewa. Kupunguza kulikuwa harusi, ngoma na vigelegele, kila mtu anakutazama. Sasa ndio ndoa. Hakuna tena mizani inayoshuka ya kunifurahisha. Kila Ijumaa napima, ikipanda kidogo narudi kwenye kijiko cha wali kabla haijazoea. Hakuna anayenisifu tena, wamezoea. Nafanya tu. Na cha kushangaza ni kwamba siku nyingine nasahau kuwa ninafanya kitu. Chai yenye sukari niliyopewa harusini juzi nilishindwa kuimaliza.

Kaza moyo, kaka. Mimi nakaza mkanda.

Mdogo wako,
Shakira

*

Nyamirambo
11 Desemba 2025

Kaka,

Assalaam alaykum. Salamu kwa wote nitazimaliza ukifika.

Mizani imesimama palepale. Daktari Rutayisire ametia saini.

Njoo.

Shakira

*

Kigali, hospitali
24 Januari 2026

Mdogo wangu Shakira,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kidonda kimelalaje leo? Maneno ameniambia umetoka hospitali ukitembea mwenyewe, na kwamba umemgombeza dereva kwa kupita kwenye matuta. Basi umepona. Na mimi nimekula ndizi za mchemsho, muuguzi anasema rangi imenirudia usoni. Wamenionya kwamba dawa za kuilinda figo huleta njaa kubwa, kwa hiyo zamu ya mizani ni yangu sasa, na mwalimu wangu nimekwisha kumchagua.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kukuambia kwa simu, nitalia.

Wewe umeona tu nje ya ugonjwa huu. Hukuwahi kujua, na nilikuwa naona haya kukuambia, kwamba kwa zaidi ya mwaka sikuwahi kwenda haja ndogo. Hata tone. Mwanamume mzima napita mlango wa choo kama mlango wa nyumba ya watu. Nilipoamka baada ya upasuaji walinionyesha mfuko uliofungwa kitandani, umejaa, na daktari alikuwa anacheka peke yake. Anasema ilianza kutiririka wakiwa bado hawajanishona. Figo yako haikungoja hata kukaribishwa. Lakini ule ulikuwa mfuko, nilikuwa nautazama kwa mbali.

Leo asubuhi wametoa mpira wa mkojo. Nikashika ukuta, nikaenda mwenyewe, nikafunga mlango. Nikasimama. Nilidhani nimesahau namna. Halafu nikasikia.

Shakira, nilisimama pale nikisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya kwanza. Sikutaka iishe. Kila mtu duniani anafanya hivi, ombaomba anafanya, mtoto anafanya akicheka, na hakuna anayeshika ukuta kwa mshangao. Ni kazi ya kipande cha nyama kinachoenea kiganjani, kilichokuwa tumboni mwako tangu kabla hujapewa jina, na sasa kinafanya kazi ndani yangu bila kuuliza ni nyumba ya nani.

Nikatoka, mguu wa kulia mbele. Kuna dua ya kutoka chooni, unaijua, ni katika za mwanzo tunazowafundisha watoto madrasa. Nimeifundisha miaka mingi, watoto wanaimba huku wanasukumana. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeniondolea udhia na akanipa afya. Nilianza kuisema pale koridoni nikiwa nimevaa gauni la hospitali, na nilipofika kwenye "aliyeniondolea" sauti ikakatika. Nilijaribu tena, ikakatika palepale.

Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa amekaa kwenye kiti akingoja kupelekwa kwenye mashine. Yeye bado anatafutiwa mtu. Akanitazama, akajua. Akanimalizia dua.

Kaka yako,
Ilyasi